Vitone vya Saa ya Mpiga Kengele

2 Februari

Shangazi wangu mpenzi,

Shikamoo. Goti likoje? Barua yako ya mwisho ilisema limekukataza ngazi, nami nikajiuliza mtu anayeishi ghorofani juu ya duka la dobi anapita wapi kama si kwenye ngazi. Huku sote wazima. Pacha wangu amejifungua tena, mtoto wa kike mwenye sauti ya dalali. Baba alipomsikia mara ya kwanza alisema, "Huyu hahitaji kengele." Mimi niko kule kule maabara, nachonga meno ya bandia ya watu ambao sijawahi kuwaona wakicheka.

Lililonifanya nishike kalamu ni saa ya Baba. Unaijua kuliko mimi, maana ndiyo uliyomtengenezea kabla hujaondoka: kifuniko cha kioo kinachofunguka, mishale minene, na kitone cha shaba kwenye kila saa, ili kidole kisome kile ambacho macho yake hayakuwahi kusoma. Vitone vitatu vimebanduka. Nimeviokota ndani ya kifuniko, viko kwenye kikombe cha chai hapa mbele yangu. Na Baba anapapasa uso wa saa kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba ya wageni.

Wiki iliyopita alipiga kengele ya mapumziko watoto wa darasa la kwanza wakiwa hawajamaliza hata kuimba namba. Mwalimu mkuu mpya ni mama mpole sana, na upole wake ndio unaotutia hofu. Amemwita ofisini akamwambia, "Mzee Dakika, hakuna anayekufukuza. Tukifunga kengele ya umeme tutakutafutia kazi ya kukaa."

Baba akamjibu, "Kumbe kukaa nako ni kazi?"

Alisema hivyo kwa mzaha, lakini tangu siku hiyo hatulii. Anazunguka uani, anaingia, anatoka, anafungua kifuniko, anakifunga. Niambie haraka nitumie gundi gani. Nina supagluu, ile inayoshika hata kope. Nimekupigia simu mara nyingi, inaita tu.

Baba anakusalimia.

Binti yako,
Fundi Meno

*

18 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima, mtoto amebatizwa jina la utani la Honi, na mvua imeanza kupitia kwenye ile kona ya jikoni uijuayo. Jibu lako halijafika na mimi sikuweza kungoja. Soma ukiwa umekaa.

Nilijiambia hivi: mimi nabandika meno yanayotafuna mifupa, nitashindwa na vitone vitatu? Nikaweka tone la supagluu kwa kila kimoja. Vilishika papo hapo, nikafurahi, nikafunga kifuniko. Asubuhi kioo chote kilikuwa na ukungu mweupe kwa ndani, na uso wa saa kama umepakwa unga. Pacha akaangua kicheko: "Saa ya Baba nayo imepata mtoto wa jicho!" Baba naye alicheka, akasema ukungu haumsumbui, yeye na saa sasa wako sawa.

Kilichofuata hakikuchekesha. Tone moja lilikuwa limetambaa hadi katikati, chini ya mishale. Saa ilikwenda nusu ya asubuhi, halafu mshale mrefu ukang'ang'ania. Baba alikuwa amesimama na kamba mkononi na kidole juu ya saa, akiamini kidole chake. Alisimama hivyo mpaka watoto wakatoka wenyewe madarasani, wakampita. Kuna mmoja alimwuliza, "Babu, umelala wima?"

Mwalimu mkuu ametoa neno lake. Muhula ukifunguliwa mwezi wa tano, atasimama kando ya Baba wiki nzima. Akichelewa au akiwahi, wanafunga ya umeme. Kwa sasa mwalimu wa michezo anapiga filimbi, na Baba anakaa nyumbani akiisikiliza kwa mbali. Kila inapolia anasema, "Amewahi." Au, "Amechelewa." Hana saa, lakini anasema.

Nifanye nini?

Fundi Meno

*

21 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Goti limetulia kwa kuwa nimelipa ninachoweza kulipa, yaani heshima. Nimehamisha meza yangu ya kazi kutoka dirishani nikaiweka ukutani, kisha nikairudisha. Sijui natafuta nini. Mpe pacha wako hongera, na huyo dalali mdogo mbusu kwa niaba yangu. Siku hizi napokea kazi chache tu: mikanda, betri, vioo. Saa za kufungua na kuunganisha upya nawapa wengine.

Barua yako ya tarehe mbili imeingia leo. Usitumie supagluu. Nalisema kabla ya mengine yote ili hata barua ikilowa njiani, neno hilo lisalie. Ina makosa matatu. Inatoa mvuke, na mvuke huo ukifungiwa ndani hutua kama ukungu mweupe kila mahali. Ni nyepesi kama maji, hutambaa penye upenyo wowote, na katikati ya saa ni upenyo mtupu. Tena ikikauka ni kavu mno, haina unyumbufu. Kidole kinachogonga kitone mara mia kwa siku kitakibandua kama ganda la yai.

Usitumie pia gundi ya viatu. Hiyo haikauki hasa, hubaki laini, na kitone kitasogea kidogo kidogo bila mtu kujua.

Tumia gundi ya tyubu mbili, ile ambayo haishiki mpaka uchanganye, na uchague inayokauka polepole. Ile ya kukauka upesi ni dhaifu, na haikupi nafasi ya kusahihisha. Sehemu sawa kwa sawa, uchanganye mpaka rangi iwe moja, uweke kiasi cha kichwa cha sindano. Vaa glavu na ufungue dirisha. Ikiwa mbichi inaweza kuamsha vipele, na baba yako anaishi kwa ncha ya kidole kimoja. Asiguse mpaka ikomae kabisa.

Simu nimeizima, inanichosha. Tuandikiane.

Usinitungie salamu za baba yako. Namjua, hajatuma. Siku niliyoondoka alisema mtu akitaka habari zake azifuate zilipo, na yeye habadilishi maneno.

Shangazi yako

*

12 Machi

Binti yangu,

Marahaba tena. Dobi wa chini amechemsha nguo tangu alfajiri na chumba changu kimejaa mvuke, kwa hiyo ukiona wino umevimba ndiyo sababu.

Barua yako ya pili imefika. Sina la kukukaripia. Barua zetu zimepishana njiani, basi. Tuisafishe.

Usimwage dawa yoyote ndani ya saa. Fungua kwanza. Ng'oa mishale kwa kuinyanyua pande mbili kwa pamoja, ukitandika kipande cha nailoni chini yake ili usikwaruze. Uso wa saa umeshikwa na skrubu mbili ndogo ubavuni. Zilegeze tu, uso utatoka. Mashine yenyewe ifunike bakuli, uiweke mbali kabisa. Hapo ndipo utumie asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, kwenye pamba, ukiwa umefungua dirisha na hakuna jiko linalowaka. Uso huu ni shaba tupu, hauna rangi, utavumilia. Ungekuwa na rangi ningekukataza, maana asetoni ingeifuta pamoja na gundi. Vitone vyote vikitoka usihofu. Virudishe kwa gundi ya tyubu mbili.

Ninakuamini. Mtu anayechonga jino likaingia kinywani bila kuumiza ufizi ana mikono inayotosha.

Umesema baba yako anasikiliza filimbi. Anakula?

Shangazi yako

*

8 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Honi ameota jino hata kabla ya wakati wake, na mimi ndiye niliyeitwa kulikagua kana kwamba ni kazi yangu. Jikoni tumeziba. Umeuliza kama Baba anakula. Anakula amesimama.

Nilifanya yote uliyosema. Saa ilifunguka, asetoni ilikula ule weupe wote, na vitone vyote kumi na viwili vilitoka. Uso wa shaba uling'aa mpaka nikaona pua yangu. Chini ya gundi ya zamani nikakuta alama nyembamba zilizochongwa kiwandani, nikavipanga vitone juu yake kwa lenzi, kila kimoja katikati kabisa ya alama yake. Nikaiacha gundi ikomae juu ya kabati lenye joto. Mishale inakwenda vizuri. Vitone vimeshika, nimejaribu hata kuvichokonoa.

Ila Baba anachelewa.

Tunafanya mazoezi nyumbani. Mimi nashika simu yangu yenye saa, yeye anafungua kifuniko, na wakati ukifika anagonga sufuria. Kila mara anagonga ukiwa umekwisha kupita, si sana, dakika moja na ushei. Kila mara, Shangazi, wala hawahi hata siku moja. Nimeilinganisha saa yenyewe na redio, haina kosa.

Mara ya kwanza alisema, "Rudia." Mara ya pili akasema simu yangu ni mbovu. Juzi nilimkuta bafuni anasugua ncha ya kidole kwa jiwe la kusugulia miguu. Nikamwuliza, "Baba, unafanya nini?" Akaniambia, "Kimekufa ngozi. Nakiamsha." Kimechubuka, kimevimba, na sasa ndiyo hasomi kabisa. Anadhani ni uzee. Amempa pacha kofia yake ya shule, ile ya jua, akamwambia mpe mumeo, mimi sitasimama tena nje.

Muhula unafunguliwa mwishoni mwa mwezi ujao. Nimeingiza kosa gani ndani ya saa, Shangazi? Nimekosea wapi?

Fundi Meno

*

20 Aprili

Binti yangu,

Salamu kwa wote, jino la Honi likiwemo. Leo naruka habari zangu.

Mwambie hivi sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma: kidole chake ni kizima. Apake mafuta, akiache kipone.

Kosa liko kwenye unadhifu wako. Wewe na mimi tunasoma saa kwa jicho, na jicho husoma katikati ya mshale. Baba yako hasomi hivyo. Anaanzia juu, kwenye saa sita, anatembeza kidole kuelekea kulia, na anasimama pale kidole kinapogota ukingo wa mshale. Huo ukingo uko nyuma ya katikati. Mshale ni mnene kwa ajili yake, kwa hiyo tofauti nayo ni nene. Ukiviweka vitone juu ya alama za kiwandani, ukingo utafika kwenye kitone wakati katikati imekwisha pita. Ndiyo dakika yenu moja na ushei.

Nilipovibandika mara ya kwanza vilikuwa nyuma kidogo ya alama, na si vyote kwa kiasi kimoja, maana kidole chake hakiji kwa pembe ile ile pande zote. Alikaa mbele yangu siku mbili. Nilikuwa nasogeza, yeye anasema, "Siyo hapo, dada. Hapo ni kwako." Sikukwambia, na hilo ni kosa langu: nilipoandika kwamba vyote vikitoka usihofu, nilikuwa bado nawaza vile vitatu tu, vingine vikikuonyesha.

Ving'oe vyote tena. Joto la pasi upande wa nyuma wa uso, ukiwa peke yake bila mashine, litailainisha gundi. Halafu visigandishwe mpaka yeye avipange. Unahitaji kitu cha kushika kwa muda, kisichotoka jasho wala kutoa mvuke. Mimi nilitumia lakiri ya magamba, ile mafundi seremala huyeyusha kwenye spiriti kung'arishia mbao. Ukiipasha moto hulegea, ikipoa hushika. Fikiri una nini hapo.

Ukishaifunga saa, hakikisha mashine haikuguswa na kitu. Bana ukingo wa kasha kati ya meno ya mbele, uzibe masikio kwa vidole. Mapigo yatakuja kupitia mfupa, na yakisitasita utayajua. Siku hizi nafanya hivyo kwa kila saa.

Harakisheni.

Shangazi yako

*

5 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nilimsomea Baba jikoni, yeye akiwa ameloweka kidole kwenye mafuta ya nazi. Nilipofika pale pa "kidole chake ni kizima" aliinua uso. Nilipofika pa "hapo ni kwako" alitabasamu, akasema, "Alikuwa mbishi. Alisogeza nywele moja akadhani sitajua."

Halafu nikafika kwenye kubana saa kwa meno.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma.

"Amesema kila saa?"

"Kila saa, Baba."

Akakitoa kidole, mafuta yanamchuruzika kwenye kifundo cha mkono. Kisha akasema, "Dada alikuwa anaingia chumbani, mgeni ana saa mfukoni, anamwambia hiyo saa yako inataka kusafishwa. Hajaigusa. Ameisikia tu." Akaondoka, akaenda kuzunguka uani, safari hii polepole.

Nakuuliza wazi, Shangazi: unasikia?

Sasa kazi. Lakiri sikuipata, lakini nina nta ya meno. Ni ile ngumu, yenye kunata, tunayoshikizia vipande vya meno wakati wa kupanga. Nikaipasha kwa kisu, nikavishika vitone kwa chembe chembe. Baba akakaa mbele yangu. "Nyuma. Nyuma tena. Umepitiliza, mama, umefika jana." Kimoja kimoja, kumi na viwili. Hiki cha saa tisa kilitutoa jasho. Tumeifanyia saa majaribio kwa sufuria: amegonga sawasawa, amegonga sawasawa, mpaka majirani wakauliza kuna nini. Pacha akamrudishia kofia yake.

Nikipata jibu lako navigandisha kwa gundi ya kudumu, kimoja kimoja, vingine vikilinda mstari. Niambie kama ipo hatari.

Fundi Meno

*

13 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Nta ya meno! Nimecheka peke yangu mpaka dobi akapanda kuja kuangalia. Sikuwahi kuifikiria, na ni bora kuliko lakiri, maana haitaki joto kali.

Hatari ni moja. Gundi haishiki juu ya nta. Kila kitone ukikiinua, kwangua, futa kwa asetoni mpaka pamba itoke nyeupe, ndipo ubandike. Chora kwanza mzingo wake kwa ncha ya sindano, ukingo kwa ukingo, ili urudi pale pale. Iache gundi ikomae siku mbili nzima kabla hajaigusa, hata akilalamika. Najua atalalamika.

Swali lako jingine nimelisoma.

Goti linanisumbua tena. Dirisha nimelifungua, nimelifunga. Niandikie mara tu wiki hiyo ikiisha, usingoje kunifurahisha kwa barua ndefu.

Shangazi yako

*

3 Juni

Dada,

Shikamoo. Anayeandika ni binti yangu, anayesema ni mimi, na nimemwambia asipambe.

Sisi wazima. Honi anapiga kelele. Nyumba ile ile, ila jikoni hakuvuji. Kidole kimepona.

Jumatatu mwalimu mkuu alikuja akasimama upande wangu wa kushoto. Nilijua kwa viatu vyake. Alikuwa na saa yake ya simu na alikuwa anahema kama yeye ndiye anayetahiniwa. Nikafungua kifuniko, nikatembeza kidole, nikagota. Nikavuta kamba. Hakusema kitu. Mapumziko, nikavuta. Mchana akasema, "Sawa, Mzee Dakika," kwa sauti ya mtu aliyetaka kusema jambo jingine.

Jumanne alikuja. Jumatano alikuja, mvua ikinyesha, nikamwambia asogee chini ya paa, saa yangu haihitaji mwanga. Akacheka. Alhamisi mlio wa kwanza niliupiga yeye akiwa bado anafungua simu, akasema, "Subiri, bado," kisha akasema, "Basi, imefika."

Ijumaa nilisimama, nikangoja viatu vyake. Havikuja. Nikadhani wameamua bila mimi. Nikafuta kidole kwenye shati. Wakati ukafika nikavuta. Nikamwuliza mtoto aliyepita, "Mwalimu mkuu yuko wapi leo?" Akaniambia, "Yuko darasani kwetu, anafundisha hesabu." Kumbe hakuona haja ya kuja.

Fundi wa umeme wamemwambia asije.

Hukumjibu binti yangu alichokuuliza. Sikuulizi na mimi. Nataka kukupa habari ya kengele tu, maana hujaifikia. Ni chuma kizito, kimetundikwa kwenye boriti, na boriti imekaa juu ya nguzo ya mti mgumu. Nikivuta kamba naegemea nguzo hiyo. Mlio unashuka ndani ya mti, unaingia begani, unapita mgongoni mpaka kwenye visigino. Hewani unapotea upesi. Ndani ya mti unakaa, mtu anaweza kuuhesabu ukipungua. Nimekuwa pale miaka yote hii, na nakwambia kwa masikio naisikia robo tu ya ile kengele.

Nguzo ni nene, ina pande mbili. Mimi naegemea wa kulia, wa kushoto hauna mtu.

Mdogo wako